Upande Ambao Sikuwahi Kuukalia

Siku niliyoanguka, kuku walinipanda. Nasema kama ilivyokuwa, maana watu wa siku hizi wakisimulia ugonjwa wanaupamba. Nilikuwa natoka stoo na karai la unga wa muhogo, nikakanyaga pale maji ya kuoshea vyombo yalipomwagika, nikashukia nyonga ya kulia kama gunia lililoachiwa kutoka juu ya lori. Unga ukanimwagikia kifuani. Nikajaribu kuinuka, wapi. Nikajaribu tena, mguu ukakaa kimya kama si wangu. Kuku wakaona unga, wakaingia, wakapanda. Jogoo alisimama juu ya kifua changu akadonoa, kisha akaniangalia kwa jicho moja. Mimi mwenye jogoo, mwenye jiko, mwenye nyumba, nilimwambia shuu, akaendelea kula.

Nililala pale tangu asubuhi mpaka niliposikia watoto wa shule wakipita barabarani kurudi kula mchana. Aliyenikuta ni jirani yangu wa kule Runazi, mama wa Kisukuma ambaye shamba lake limepakana na langu. Alikuja kuazima chekeche. Alifukuza kuku, akanifuta uso kwa khanga yake, ndipo akaita watu. Kwa kunifuta uso kabla watu hawajafika, yule mwanamke nitamwombea mpaka nife.

Hospitali walinipiga picha wakasema mfupa haukuvunjika. Wakanipa vidonge, wakaniambia nipumzike. Kupumzika sijui kunafanywaje, lakini nililala. Nilipochoka kulala nikaitiwa mzee mmoja mkandaji, akanipaka samli ya moto, akauvuta ule mguu mpaka nikamtukana marehemu baba yake, na mimi si mtu wa matusi. Baada ya mwezi nikatembea kwa fimbo. Kusimama nasimama, kutembea natembea, nimeinama upande kama mgomba uliozidiwa na mkungu. Lakini nikishuka chini, basi. Siinuki.

Mtu wa mjini atasema, kwani lazima ushuke? Maisha yangu yako chini. Mafiga yako chini. Muhogo unamenywa chini, maharage yanapepetwa chini, mgeni akija natandika mkeka, kanisani tunapiga magoti. Mwanangu aliniletea kiti cha plastiki. Nikamwambia kiti hicho ni cha harusi, siwezi kumenya muhogo wa gunia zima nimekaa kama bibi harusi.

Mwanangu ni mmoja tu. Ni mwalimu, ana nyumba yake Nyamiaga, karibu na mji wa Ngara. Alipokuja kuniona hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema halali usingizi. Alisema simu ikilia tu anaona mama yake yuko chini na kuku juu yake. Alisema chumba kipo, kitanda kina godoro jipya, mkewe ameridhia. Nikasema hapana. Akarudia yote toka mwanzo. Nikasema hapana ya pili kwa Kihangaza, ili imwingie vizuri. Basi mwalimu akafanya kile walimu wanachojua.

“Mama, tuelewane. Nitakuja baada ya mavuno ya maharage. Utalala chini kwenye mkeka mbele yangu, uinuke mwenyewe, bila mtu na bila fimbo. Ukiinuka, sitasema tena. Ukishindwa, tunafunga nyumba hii unakuja kwangu.”

“Nani alikufundisha kumtahini mama yako?”

“Wewe. Ulikuwa unanikagua masikio kila Jumapili kabla ya misa.”

Tulicheka wote wawili. Lakini katika kicheko hicho nilisema ndiyo, na mimi nikisema ndiyo huwa ni ndiyo.

Yeye alikuwa mtoto mgongoni wakati nyumba ile inatafutwa, kwa hiyo anaijua kama jengo tu. Mimi nilizaliwa Mbuba, kwenye kahawa na migomba, katika watu wa misa ya alfajiri. Shule nilifika darasa la tatu, nikatolewa nikalee wadogo zangu. Nikaolewa, mume akafa. Matanga hayajaanuliwa, ndugu zake wakanijia wakasema shamba la migomba ni la ukoo. Nikitaka kubaki nikubali mmoja wao, nisipotaka nitoke. Nilitoka. Mtoto mgongoni, jembe begani, nikashuka mpaka Runazi, wakati ule ni pori lenye nyumba chache. Misimu miwili nililala katika jiko la watu. Ukilala katika jiko la watu unaamka kabla yao, hata kama unaumwa, ili wasikukute umelala. Nilianza kwa kuuza muhogo wa kuchemsha, nikaenda kwenye mahindi, nikafungua kiduka, nikaishia na mashine ya kusaga. Udongo wa matofali niliukanyaga kwa miguu hii. Siku niliyotia mlango nilisema peke yangu, sitalala tena ndani ya nyumba ambayo mtu anaweza kuniambia toka.

Mke wa mwanangu ni mwema, nalisema mbele ya watu. Lakini nyumba ya Nyamiaga ni yake, na mimi najua jiko la mtu linavyonuka alfajiri.

Kwa hiyo nilirudi hospitali, Biharamulo mjini, kutafuta sindano kali. Daktari akanisoma kwenye karatasi, akanielekeza chumba cha nyuma, cha mazoezi ya viungo. Nikamkuta binti mmoja wa hijabu, mtoto wa wale wafanyabiashara wa mjini ambao babu zao walitoka pwani. Kiswahili chake kimenyooka kama kanzu iliyopigwa pasi. Changu ni cha soko.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba. Nimekuja kuchomwa sindano.”

“Hapa hatuna sindano, bibi. Tuna mkeka.”

Walinishusha wawili, yeye na nesi. Nikalala chali mbele ya watu nisiowajua, naangalia bati. Yule binti akakaa chini pembeni yangu, hakunivuta wala kunikanda. Akaniuliza ni sehemu gani ya mgongo wangu inagusa mkeka. Nikamwambia wote, mgongo ni mmoja. Akaingiza mkono chini ya kiuno changu upande wa kushoto, ukatokea kulia bila kunigusa. Akasema hapo panya anapita na mzigo wake. Kisha akaniuliza mguu upi ni mzito, wa kushoto au wa kulia. Akaniuliza sikio lipi liko mbali zaidi na bega. Nilianza kuona ananidhihaki. Sijafunga safari toka Runazi kuja kuulizwa habari za masikio.

Halafu akanipa kazi yenyewe. Nikunje goti la kushoto, unyayo ukae mkekani, kisha nililegeze goti lielekee nje kidogo, nilirudishe. Nikauliza kidogo kiasi gani.

“Kiasi ambacho mtu akisimama mlangoni asione kitu.”

“Mwanangu, kazi isiyoonekana kutoka mlangoni si kazi.”

Alicheka, lakini hakuibadilisha. Alinieleza kwa upole kwamba nguvu ninazo, hata nyingi, hatutafuti nguvu. Tunatafuta mwili usikie unachofanya, maana usichokisikia huwezi kukibadilisha. Alikuwa ameweka kiganja chini ya bega langu wakati anasema, ananibonyeza taratibu kama mtu anayetaka kujua parachichi limeiva. Nifanye mara kumi, asubuhi na jioni, polepole. Nikianza kuumia nimeshapita kiasi.

Sasa sikilizeni kosa langu. Kwetu mtoto wa kike hupewa ngwe yake shambani, kipande kilichopimwa, na haji kula mpaka aimalize. Mwenye nguvu anaomba ngwe ya pili. Mimi nilikuwa naomba ya tatu, na kwa hizo ngwe za tatu ndiyo nilijenga. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kidogo kinatosha. Kumi? Kumi ni ya mgonjwa. Mavuno ya maharage yalikuwa yanakuja, na mtihani wangu ulikuwa na siku yake. Nilimwomba jirani anishushe mkekani asubuhi akienda shamba, aniinue akirudi, na afunge mlango kuku wasiingie. Nikachukua rozari nihesabie. Niliizungusha nzima mara nne bila sala hata moja, Mungu anisamehe, kila punje goti moja, nje, ndani, nje, ndani, kwa nguvu zangu zote, jasho linatiririka mpaka masikioni. Nilipomaliza nilijisifu. Nikafanya na mguu wa kulia, ule mbovu, ili nao usione wivu.

Kesho yake sikuweza kugeuka kitandani. Sikuweza kukohoa. Choo changu kiko nyuma ya nyumba, hatua kama thelathini, na zile hatua thelathini zikawa safari ya Mwanza. Siku nne nilitumia beseni, na jirani yangu ndiye aliyelimwaga. Mimi ambaye hata nilipojifungua nilifua nguo zangu mwenyewe. Nilikuwa naugeuzia ukuta uso wangu anapolibeba, na yeye, kwa kuwa ni mtu mwema, alikuwa ananitania ili nisilie.

“Ninyi Wahangaza mnajua kulima tu. Hata ukilazwa chali unalima.”

Usiku nilikuwa silali. Nilikuwa nahesabu wiki zilizobaki, nne, na hesabu haikubadilika. Nilimwambia Mungu anichukue katika nyumba hii kabla mwanangu hajaja kuifunga. Sijivunii sala hiyo, lakini niliisali, tena si mara moja.

Alhamisi iliyofuata jirani na mumewe walinipakia mbele kwenye gari la mahindi. Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa. Yule binti hakugombeza. Aliniambia nimwonyeshe nilivyofanya, mara moja tu, hivyo hivyo kwa nguvu. Nikaonyesha.

“Bibi, goti linasogea. Meno yanafanya nini?”

Meno yalikuwa yameumana.

“Na pumzi?”

Ilikuwa imekwama.

“Umebeba nini?”

“Sijabeba kitu. Si unaniona nimelala?”

“Meno yanasema umebeba.”

Nataka nilieleze hili vizuri kwa sababu nimelifikiria sana. Nilikuwa nimelala chali, sina mzigo, nasogeza goti moja ambalo hata mtoto mchanga analisogeza, na mwili wangu mzima ulikuwa chini ya gunia. Taya, shingo, tumbo, vidole vya miguu vimejikunja. Sikuwa najua. Miaka yote hiyo nilidhani vile ndivyo mtu anavyokuwa. Gunia nilishalitua zamani, mashine ya kusaga ina vijana wa kubeba, lakini hakuna aliyeuambia mwili. Machozi yalinitoka yakaingia masikioni kama lile jasho. Yule binti hakunibembeleza, alingoja tu. Kisha akaniuliza swali ambalo nilipolisikia niliona amechanganyikiwa.

“Ukikaa mkekani nyumbani, unakunjia miguu upande gani?”

Nikamwambia popote. Akaniambia niende nikaangalie.

Sikuweza kuangalia, maana nikishajua naangalia, nilikuwa naikunja kwa kufikiri. Nikamuuliza jirani. Hakupoteza hata dakika.

“Kushoto. Tangu nikujue, kushoto. Nyayo zako hazijawahi kumwona mtu wa upande wa kulia.”

Ndipo nikamkumbuka bibi yangu mzaa baba. Katika nyumba yake kule Mbuba wanaume walikaa kwenye vigoda upande wa kulia, mlangoni, na sisi wasichana mkekani. Nyayo za mwanamke haziwaelekei wanaume; hilo lilikuwa neno la nyumba ile, na bibi alikuwa na kijiti. Ukikunjia miguu kulia, kijiti kinakupata kifundoni kabla hujajua kosa. Nilikunjia kushoto, mwili wote umeegemea nyonga ya kulia, na wakati wa kuinuka nasukuma kwa mkono wa kulia, napita juu ya nyonga ya kulia, nasimama. Wanaume wale wamekufa wote. Vigoda vimeliwa na mchwa. Mimi bado nilikuwa nawafichia nyayo.

Na nyonga ile ile ndiyo niliyoiangukia. Kila nilipotaka kuinuka nilikuwa narudi kwenye mlango uliofungwa na kuusukuma kwa bega, na kila ukigoma nasukuma zaidi. Niliporudi kwake, yule binti alinichorea kwa kidole hewani, nikaelewa mara moja. Upande wa kushoto ulikuwa mzima. Ulikuwepo muda wote, haujaanguka, hauumi. Sikuwa najua kuupita.

Usidhani kujua ndiyo kuweza. Nilikaa mkekani, jirani akanikunjia miguu kulia kwa mikono yake, na nikajisikia kama nimevaa nguo ya mtu mwingine. Aibu ilinishika, ndani ya nyumba yangu, mlango umefungwa. Mwili ulianguka wenyewe. Mkono wa kushoto haukujua pa kujiweka. Yule binti alikuwa ameniambia nisianze na mguu, nianze na macho: nilale ubavu, niangalie polepole kule nyuma ya bega la kushoto, niache mbavu zifuate zikitaka, zisipotaka nizisamehe. Nizisamehe mbavu. Maneno kama hayo nilikuwa nayameza kama kwinini. Lakini sikuwa na kingine. Wiki tatu zilibaki.

Basi nikawa nafanya kidogo. Kumi, kisha napumzika. Wakati mwingine tatu. Wakati mwingine sifanyi kabisa, nawaza tu kwamba nafanya, macho yamefumbwa, nasikiliza pumzi inaishia wapi. Aliyezoea kulima ndiye atakayejua uchungu wa kazi hiyo. Jioni jirani anarudi shamba na mgongo wenye udongo, anakuta mtu mzima ameshinda anaangalia bega lake. Nilikuwa naona haya kumwambia nimechoka.

Siku moja, kama saa nne asubuhi, nilikuwa naangalia vile nyuma ya bega nikajikuta niko juu ya kiwiko cha kushoto. Sikujiinua. Nilijikuta. Nikaogopa hata kupumua. Nikaacha macho yaendelee, kiganja kikashika mkeka, nikakaa, miguu imekunjika kulia bila mtu kuikunja. Nilikaa pale kama mwizi ndani ya nyumba ya watu. Nikataka kurudia ili nihakikishe. Nikarudia kwa kutaka, na kwa kutaka meno yakaumana, na mlango ukafungwa. Siku nzima haukufunguka. Jioni jirani alinikuta nalia kwa hasira, nikamwambia nililipata likaniponyoka, akadhani nasema kuku.

Ndivyo ilivyokwenda. Jumanne inakuja, Jumatano haiji. Nilifika kwenye magoti. Nilifika kwenye magoti na mikono imeshika kitanda. Mara moja, jirani akiwa shahidi, nilisimama kabisa, nikaegemea ukuta, tukatazamana kama wasichana. Siku iliyofuata sikufika hata kwenye kiwiko. Nilipompigia simu yule binti kumuuliza nina ugonjwa gani huu wa kuja na kwenda, alisema si ugonjwa, ndiyo kujifunza kulivyo, nimpe muda.

“Muda sina,” nikamwambia. “Maharage yamekauka shambani.”

Alisema tu, siku hiyo bibi, usiwe na haraka.

Mwanangu alifika Jumamosi, na gari. Si pikipiki yake, gari, pikapu ya mtu, na dereva, na kamba nyuma. Niliziona kamba kabla sijamwona yeye. Alikuwa ameshajua majibu ya mtihani kabla hajaugawa. Nilisikia taya langu likifunga, nikalisikia kabisa, kama mtu anavyosikia komeo, na kulisikia hakukulifungua.

Nililala mkekani. Alisimama, mikono nyuma, kama anasimamia darasa. Jirani alikaa mlangoni na ungo wake bila kupepeta chochote. Nikafumba macho nikangoja mpaka nikajua mgongo umegusa wapi. Nikageuka ubavu. Macho, shingo, mbavu. Ilichukua muda, nadhani uji ungeiva. Kiwiko. Kiganja. Nikakaa, miguu kulia. Nikavuka, nikawa kwenye magoti na mikono, uso unaangalia sakafu. Hapo nikatulia kungoja, kwa sababu nilikuwa sijui uzito uko wapi na niliambiwa nisipojua ningoje. Mikono ilikuwa inatetemeka. Nilisikia pumzi inashuka. Nilikuwa napata. Naapa nilikuwa napata, goti la kushoto lilikuwa limeanza kuwa jepesi.

Mikono yake ikanishika makwapani, ikaninyanyua juu kama mtoto.

“Basi mama. Inatosha. Siwezi kukuangalia unateseka hivi.”

Alikuwa analia. Mwanaume mzima, mwalimu, machozi mpaka kwenye kola. Nikiwa nimening’inia mikononi mwake, vidole vya miguu vinaburuza mkekani, nilimwambia neno moja.

“Nirudishe chini.”

“Mama.”

“Sikuwa nateseka. Nilikuwa nangoja. Nirudishe pale uliponitoa.”

Alinirudisha. Lakini mtu hawezi kurudishwa pale alipotolewa. Alinilaza chali, na mwili ukawa umeshika, wote, kuanzia meno. Nilijaribu upande wa kulia kwa mazoea, nyonga ikanipiga. Nilijaribu kushoto, kushoto hakukuwepo. Nilijaribu mpaka dereva akazima redio kwa heshima. Jirani akasema kwa sauti ndogo kwamba juzi nilisimama, aliniona kwa macho yake, na mwanangu akamjibu kwa adabu kwamba mtihani ni leo. Mimi ningejibu vivyo hivyo. Nikamwambia, “Leo nimeshindwa. Funga.”

Kitanda changu kilifungwa kwa zile kamba.

Sasa niko Nyamiaga. Chumba ni kizuri, sakafu ni ya saruji, laini, mtu anaweza kuteleza vizuri sana. Mkwe wangu ananiita mama, ananiletea chai kitandani. Naamka kabla yao. Sijaambiwa na mtu, naamka tu, nakaa kwenye ukingo wa kitanda nimevaa, nangoja waamke.

Wakishaondoka kwenda kazini natandika mkeka. Kushuka chini peke yangu nilijifunza hapa, kwa kushika kitanda, na mwanzoni wao hawakujua. Wiki ya kwanza mwanangu alirudi mapema akanikuta sakafuni, akaja mbio mikono mbele. Nikamwambia akae. Akaniuliza nimeanguka saa ngapi. Nikamwambia sijaanguka, niko kazini, avue viatu akae, na asiniguse mpaka nimwite. Alikaa ameegemea kabati, madaftari ya wanafunzi mapajani, hakusahihisha hata moja. Niliangalia nyuma ya bega langu, nikangoja, nikafika kwenye kiganja, nikarudi. Mara tatu. Mwisho nilimwita, akaninyanyua. Lakini alikuwa amekaa muda wote huo bila kusogea, na naona kitu alikiona, maana chakula kilipokwisha alisema, bila kuniangalia, kwamba mtihani mmoja haumpimi mtu.

“Ukiinuka siku tatu mfululizo, mimi mwenyewe nitakodi gari nikurudishe Runazi.”

Mpaka leo nimefika siku mbili. Nimefika mbili mara nne. Ya tatu inagoma. Mara mvua, mara baridi ya Ngara hii inayoingia kwenye mifupa, mara hakuna sababu. Ya juzi niliikosa kwa furaha: niliamka najua leo ndiyo leo, na meno yakajua pia. Kuna siku naona mwili huu unanifanyia makusudi. Kuna siku naogopa kwamba siku tatu hizo zitakuja wakati sina tena nyumba ya kurudi.

Jana jirani alinipigia simu. Majani yamefika dirishani. Kuku amewachukua kwake, jogoo ameliwa na kicheche, na hilo sikulisikitikia. Kisha akasema mchwa wamepanda fremu ya mlango, upande wa bawaba, wamefika kama goti. Akaniuliza afanyeje, aite fundi autoe?

Nikamwambia asiutoe. Amwage oili chafu, nakuja.